Kompyuta ndogo za mtumba kama seva ya nyumbani: umeme ni nusu tu ya hesabu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inadai prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Ndiyo maana ofisi za ng'ambo zinaondoa mezani mashine ambazo bado ni nzima, zikiwemo zile ndogo zenye ujazo wa lita moja hivi: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Ukiziwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, suala la Windows halikuhusu tena, na wengi sasa wanazinunua wazigeuze seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhifadhi mafaili na kuhudumia vifaa vingine.

Hoja yao kubwa ni umeme, na ina nguvu. Prosesa zenye herufi T mwishoni, kama i5-6500T, zimeundwa kwa kikomo cha wati 35, na mashine isipokuwa na kazi nzito hula wati 10 hivi. Ikiwaka mwezi mzima, hiyo ni uniti 7 na kidogo. Kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 80 itamaliza uniti 57. Kwa Tanzania pengo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, ilimradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Seva ya uniti 7 inamwachia nafasi ya taa, televisheni na friji ndogo. Ile ya uniti 57, ikijumlishwa na matumizi mengine ya nyumba, inaweza kumsukuma kundi la T1, la matumizi ya kawaida, kwenye shilingi 292, na hapo kila uniti ya nyumba nzima inapanda bei karibu mara tatu.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inakula kidogo zaidi, ni kweli. Lakini ukishainunulia chaja, kasha na diski, uniti chache unazookoa hazifidii prosesa hafifu na RAM isiyoongezeka. Mimi ningechukua ya mtumba.

Upande wa pili hausemwi vya kutosha. Mashine hizi kwa kawaida hupokea diski moja ya inchi 2.5 na nyingine ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, basi. Anayetaka diski kubwa mbili zinazolindana, moja ikifa nyingine iwe na nakala, huishia kuning'iniza diski za nje kwenye USB, na zikikatika katikati ya kuandika, mafaili huharibika. Umeme ukikatika, mambo ni yaleyale. Dawa yake ni UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ambayo kwa mzigo wa wati 10 hudumu muda mzuri. Tena SSD, diski ya kielektroniki iliyokuja nayo, huenda imechoka: sisitiza kuipima kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, kabla ya kulipa, na hakikisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, haina nywila ya mwenye mali wa kwanza. Kuifikia ukiwa mbali nako ni kazi, kwa sababu mitandao ya simu mara nyingi haikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti. Itabidi upitie programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kama Tailscale, au WireGuard kupitia seva ya kukodi yenye anwani hiyo.

Yote hayo yanatibika. Linalonisumbua ni picha za familia. Watu wanaweka Immich, programu ya kutunza picha kwenye seva yako, wanahamishia humo picha za miaka yote, kisha wanafuta zilizoko kwa Google ili wasilipie nafasi. Mwizi mmoja, au moto mmoja, na hakuna kilichobaki. Kwa vitu visivyopatikana tena, seva hii iwe nakala ya pili. Mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue diski ya nje kwanza, aiweke nyumba nyingine.

Kwa vitu vinavyopatikana tena, hesabu inageuka. Shule isiyo na intaneti ya uhakika inaweza kuweka Kiwix, yenye Wikipedia ya kusoma bila mtandao, na Kolibri, yenye masomo na video. Mashine moja na ruta ya WiFi vinahudumia darasa bila bando hata moja. Hapo udhaifu wa diski hautishi, maana hakuna kisichoweza kupakuliwa upya. Hapa ndipo ningependa kuona mashine hizi zikienda kwa wingi, kabla ya sebule zetu, na fundi wa wilaya afundishwe kubadilisha diski na kunakili maktaba kutoka shule jirani.