Mfalme Aliyerudishwa kwa Brashi

Kuna mchoro wa Edwin Lord Weeks ambao kila nikiufungua kwenye simu naukuza mpaka jiwe moja lijaze kioo. Mfalme wa Kimughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India kabla ya Waingereza, anarudi kasri kwake kutoka Msikiti wa Ijumaa wa Delhi, Jama Masjid, yeye na baraza lake. Tembo wamevishwa, farasi wanametameta, na nyuma yao msikiti umesimama kama vile umejengwa jana. Jua lake likikupata, unakunja uso.

Weeks alikuwa Mmarekani wa Boston aliyehamia Paris, na mchoro huu ni wa mwaka 1886 hivi. Mwaka huo Delhi haikuwa na mfalme. Wa mwisho, Bahadur Shah Zafar, Waingereza walimhamishia Rangoon, Burma, mwaka 1858, baada ya maasi ya Wahindi dhidi yao, akafia hukohuko 1862. Msikiti wenyewe waliutwaa na kuja kuurudishia Waislamu baadaye. Ndani ya Ngome Nyekundu, makao ya wafalme hao Delhi, walibomoa sehemu kubwa ya kasri, wakajenga kambi ya askari.

Basi fundi huyu, asiyeacha hata ufa wa jiwe umpite, askari hakuwaona? Sina ugomvi na mtu kuchora enzi zilizopita. Linaloniudhi ni ule usahihi wa mawe: unakufanya uamini na mengine yote.

Mrusi Vasily Vereshchagin, aliyezunguka India kati ya 1874 na 1876, naye alilewa marumaru. Msikiti mdogo mweupe wa Delhi aliochora unakaribia kung'aa. Lakini turubai lake kubwa kupindukia, ambalo sasa liko Kolkata, ni la msafara wa Jaipur mwaka 1876, na juu ya tembo kakaa Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha Uingereza, na Maharaja Ram Singh, mtawala wa Jaipur, pembeni yake. Tembo wa mwenyeji, heshima ya mgeni. Miaka michache baadaye akachora Wahindi waliofungwa kwenye midomo ya mizinga ya Waingereza. Kwangu mimi, huyo ndiye aliyechora India aliyoikuta.

Halafu watu husahau kwamba Ram Singh mwenyewe alikuwa mpigapicha hodari. Alijipiga picha, akawapiga na wanawake wa ndani ya kasri, kule ambako mchoraji mgeni haingii. Natamani kuona picha zake zimetundikwa ukuta mmoja na tembo wa Weeks.