Kabla ya Kulipa, Chomoa Kiti

Juzi nilimkuta kijana amekaa chini ya mwarobaini, njia ya Casuarina hapa Malindi, baiskeli imelala kando yake. Ni baiskeli ya mashindano ya chuma, usukani umepinda chini, rangi nyekundu bado inanukia upya, na kibandiko cha Columbus, kampuni ya Kitaliano ya mabomba ya baiskeli, kimewekwa sawasawa. Bomba la chini lilikuwa limepasuka karibu nusu ya mzunguko wake, pale linapoingia kwenye kitovu cha pedeli. Alikuwa ameinunua ya mtumba mwezi huohuo kwa mshahara wa hotelini, ili aache kulipa tuktuk kila alfajiri kutoka Ganda. Nikakwaruza rangi kwa ufunguo. Chini ya rangi, filla, ule uji mgumu wa kuziba mashimo. Chini ya filla, kutu iliyokula chuma ikatokea upande wa pili.

"Ami," akaniambia, "mbona walisema ni kromoli, haishiki kutu?"

Hasira niliyoipata siku ile haijapoa. Alikuwa anapanda polepole, barabara haina gari, akashuka salama. Lingepasukia kwenye daraja la Sabaki, lori la chumvi la kutoka Gongoni likiwa nyuma yake, tungekuwa tunazungumza mengine.

Basi tuanze na huo uongo wa kromoli, maana nausikia kila soko la mitumba kuanzia hapa hadi Kilifi. Kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, inashika kutu. Ile inayoitwa 4130 ina kromiamu kama asilimia 1 tu. Chuma kisichoshika kutu, cha masinki na visu vya jikoni, kinahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromoli ni chuma chenye nguvu, hilo silipingi, lakini mbele ya chumvi ya Malindi hakina kinga yoyote zaidi ya rangi ya nje na mafuta ya ndani. Muuzaji anayekwambia vingine ama hajui anachouza au anajua na anakutazama ukilipa.

Na kibandiko, hata kikiwa cha kweli, hakisemi kile watu wanachodhani kinasema. Hapa kwetu Columbus za kweli zipo, mji huu umejaa Waitaliano, na kampuni yenyewe ilianza Milano mwaka 1919. Reynolds za Kiingereza nazo hupatikana mara mojamoja, zile za 531 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1935. Ni mabomba ya heshima. Lakini heshima yake inatokana na wembamba. Chuma chochote, kizuri au duni, ugumu wake wa kupinda ni uleule karibu. Kinachotofautiana ni nguvu, yaani kiasi gani kinahimili kabla hakijakunjika au kupasuka. Anayepata chuma chenye nguvu zaidi hupunguza unene, na hapo ndipo wepesi unapopatikana. Reynolds walisajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya ujanja huu mwaka 1897: bomba linaachwa nene kwenye ncha, kwenye maungio, na katikati linapunguzwa. Columbus SL, waliyopanda wakimbiaji wakubwa wa Ulaya kwa miaka mingi, ina milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati.

Milimita 0.6! Halafu uilaze barazani usiku wakati wa kusi, upepo ukiruka na chumvi kutoka baharini, mwaka baada ya mwaka. Ile blakimamba, baiskeli nzito ya mizigo, ya mzee anayebeba madafu kutoka Mambrui ina bomba nene la chuma cha kawaida, kutu huila kwa miaka na bado inabaki nyama ya kutosha. Fremu ya kifahari haina nyama ya kuliwa. Kwa hiyo ukiwa pwani, kadiri bomba linavyokuwa bora ndivyo unavyotakiwa kulikagua kwa ukali zaidi, na watu wetu wanafanya kinyume kabisa. Wakiona jina la Kitaliano wanaacha kukagua.

Kutu inayoua fremu haitoki nje, inatoka ndani. Maji huingia kwenye ule mpasuko wa juu ambapo nguzo ya kiti inabanwa, yakateremka mpaka kwenye kitovu cha pedeli, yakakaa. Kama chini ya kitovu hakuna tundu la kutolea maji, au lipo na limezibwa na matope au rangi mpya, maji hayo ya chumvi yatashinda humo msimu mzima. Ndiyo maana bomba la kijana lilipasukia palepale, wala si katikati ambako ni kwembamba zaidi. Mabomba mawili ya nyuma yanayotoka kwenye kitovu kwenda kwenye gurudumu huoza kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na ukisahau yote mengine usisahau huu: kabla ya kulipa hata shilingi, nguzo ya kiti itoke. Itoke yote, mbele yako. Chungulia ndani kwa tochi ya simu. Vumbi la hudhurungi ni la kawaida na linavumilika. Magamba yanayobanduka ni habari nyingine. Ipindue baiskeli kichwa chini, pigapiga kitovu cha pedeli kwa kiganja, usikilize. Yakimwagika magamba kupitia tundu la kiti, rudisha pesa zako mfukoni.

Ukiwa umeishika hiyo nguzo mkononi, soma namba iliyogongwa juu yake. Bomba la kiti la fremu nyingi za zamani lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Nguzo ikiwa ya 27.2 na inakaa bila kutikisika wala kufungiwa kipande cha kopo, jua kuta za bomba ni nyembamba na fremu kweli ni ya mabomba mazuri. Ikiwa ni ya 25.4, bomba ni nene, na kile kibandiko cha mashindano kilipachikwa na mtu. Namba hiyo ni shahidi mzuri kuliko rangi, vibandiko na maneno ya muuzaji yakiwekwa pamoja.

Atakwambia nguzo imekaza, haitoki. Itakuwa kweli mara nyingi: alumini ya nguzo na chuma cha fremu vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini huota unga mweupe na kujibana humo kana kwamba imechomelewa. Lakini jibu hilo halimsaidii muuzaji. Linamaanisha fremu haijawahi kupakwa grisi ndani, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua kilichomo. Hakuna mvuvi wa hapa anayenunua mashua iliyopigwa rangi mpya bila kuipindua mchangani akaona tumbo lake. Kwa nini baiskeli inayombeba mtoto wa mtu kwenye barabara ya Mombasa inunuliwe kwa kutazamwa mgongo tu?

Nikirudi kwenye rangi, hapa ndipo roho inaponiuma. Uzuri mkubwa wa chuma, na ndio unaonifanya nikipende kuliko alumini na kaboni, ni kwamba kwa kawaida kinatoa taarifa. Ufa huanza mdogo, rangi ya zamani inachanika mstari mwembamba, kutu inachuruzika kwenye mstari huo, baiskeli inaanza kulia unapokanyaga. Mpandaji makini anapata siku, pengine wiki, za kugundua. Anayeziba ufa kwa filla, akapiga msasa na kumwaga rangi juu, ameiondoa taarifa hiyo. Yule kijana aliuziwa baiskeli iliyonyamazishwa. Nilikwenda naye kwa aliyemuuzia, tukaambiwa mali ikishauzwa hairudi.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika. Ipitishe taratibu chini ya bomba la chini, kuzunguka kitovu, na kwenye mabomba ya nyuma. Juu ya chuma itang'ang'ania. Ikifika kwenye filla itateleza. Kisha pitisha kidole nyuma kidogo ya maungio ya mbele, chini ya bomba la chini na chini ya bomba la juu. Ukihisi mwinuko au mkunjo, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na rangi imewekwa kuficha hilo.

Kuna watakaonijibu kwamba si kila rangi mpya ni ulaghai. Sawa. Yupo mtu anayekwangua fremu mpaka chuma kitupu, akapaka praima, akapaka rangi kwa mapenzi. Mtu huyo hutamani uione kazi yake. Mwambie atoe kiti, na atakuwa amekitoa kabla hujamaliza sentensi.

Mengine yanayobishaniwa vibarazani siyapi uzito sana. Maungio ya soketi, ambapo bomba huchomekwa ndani ya kipande cha chuma, au ya kuchomelewa moja kwa moja, yote mawili hudumu yakifanywa vizuri. Uzito, hapa tambarare mpaka Gede na Watamu, ni hoja ya watu wenye nafasi ya kubishana. Kugonga bomba kwa ukucha na kusikiliza mlio, nimewaona wazee wakifanya, na kweli bomba jembamba hulia zaidi, ila mlio haukuonyeshi tundu. Rimu za chuma zilizopakwa kromu, ziache. Mvua ikinyesha breki hazishiki.

Fremu iliyopinda kidogo, hata hivyo, usiikimbie haraka. Funga uzi kutoka pale ekseli ya nyuma inapokaa, uzungushe kwenye bomba la mbele la usukani, urudi upande wa pili, upime umbali kati ya uzi na bomba la kiti kulia na kushoto. Ukitofautiana milimita mbili tatu, fundi mwenye mikono mizuri ataurudisha, kwa sababu chuma kinakubali kunyooshwa. Alumini ukiilazimisha hivyo unaiandaa kupasuka. Na bomba la chuma likipasuka mahali pasafi, fundi wa gesi anayejua kuunganisha kwa shaba anaweza kuliponya bila kuliunguza. Usimpelekee wa mageti na welding yake ya umeme. Bomba la milimita 0.9 litatoboka mbele ya macho yake. Fundi wa gesi naye hana la kufanya pale ambapo chuma kimebaki unga, na fremu ya kijana ilikuwa imefika huko. Tumeokoa magurudumu, breki na mnyororo. Fremu imekwenda kwa wanunua vyuma chakavu.

Ukishapata iliyo nzima, itunze kwa ndani. Mimina mafuta ya linsidi, yale ya kuchemshwa ambayo mafundi rangi hutumia, izungushe fremu yafike kila kona, iache ikauke. Paka grisi kwenye nguzo ya kiti, na uichomoe kila msimu ukibadilika, kaskazi likiingia na kusi likiingia. Hakikisha tundu la chini ya kitovu liko wazi. Gharama ya yote hayo haifiki nauli ya tuktuk ya wiki moja.

Na ninyi ndugu zetu mnaouza, wengi tunajuana, tunaswali msikiti mmoja. Acheni rangi ya zamani. Acheni mikwaruzo, acheni madoa ya kutu yaonekane, mwambieni mtu palipo na kasoro na mpunguze bei. Hawa wanaonunua kwenu ni wapishi, wahudumu, walinzi, watu wanaoingia barabarani saa kumi na moja alfajiri bila taa. Mimi binafsi nitalipa zaidi kwa fremu iliyochakaa ambayo kiti chake kinatoka kwa mkono mmoja, na kila anayeniomba nimsindikize sokoni nitamwambia afanye hivyohivyo, kuanzia Jumamosi hii.