Upweke wa Marty, na ule wa Clara

Tarehe 24 Mei 1953 kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kilirusha moja kwa moja Marty, mchezo wa Paddy Chayefsky ulioongozwa na Delbert Mann. Marty ni muuza nyama wa Bronx, New York, mwenye asili ya Kiitaliano, kapera wa miaka 36 anayeishi na mama yake. Wadogo zake wote wana ndoa zao, na wateja buchani hawaachi kumuuliza yeye ataoa lini. Jumamosi usiku anakwenda dansini shingo upande, anamkuta Clara, mwalimu, akilia. Mwanamume aliyemleta Clara amekuwa akitafuta mtu wa kumpa dola 5 ili amwondolee "mzigo" huo.

Wanaousifu mchezo huu wana hoja nzito. Studio ilikuwa ndogo, kamera iko karibu na uso, na mwigizaji hakuwa na nafasi ya kurudia. Rod Steiger, anayecheza Marty, anapomwambia mama yake kwamba yeye ni mnene, mbaya wa sura, na wanawake hawamtaki, hakuna pa kujificha, si kwake wala kwa mtazamaji. Mapenzi ya watu wasio na sura wala fedha yalipewa heshima kamili.

Lakini heshima hiyo imegawanywa vipi? Marty anamfariji Clara kwa kumwambia si mbaya kama anavyojidhani, naye anatakiwa kushukuru. Nyumbani, Marty anataka kumbusu kwa nguvu. Clara anakwepa, Marty anawaka, na anayebaki akijieleza ni Clara. Mchezo unamhurumia, sawa, ila unamtazama kutoka alipokaa Marty.

Watetezi watajibu kwamba kuonyesha si kusifu. Marafiki wanaomwita Clara mbwa, yaani mbaya wa sura, wanaonekana wapuuzi, na Angie, rafiki wa karibu, anasemeshwa na wivu. Jibu lao bora, kwangu, ni mama wa Marty, mjane. Jumamosi anamsukuma mwanawe akatafute mke. Jumapili, baada ya kumsikiliza dada yake Catherine, asiyepatana na mkwe wake, anaanza kumtoa Clara kasoro. Ameshaona kwamba Marty akioa, atakayebaki peke yake ni yeye. Hapo Chayefsky anafika mbali: upweke wa mtu mmoja unatibiwa kwa kumpa mwingine. Ajabu ni kwamba mama huyu amesikilizwa kwa makini kuliko mchumba.

Filamu ya mwaka 1955, ya mwandishi na mwongozaji walewale, ilichukua tuzo 4 za Oscar na tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Pia ilimpa Clara, safari hii akichezwa na Betsy Blair, alichonyimwa: tunamwona kwao, ameketi na wazazi wake, machozi yanamtoka, simu aliyoahidiwa na Marty haijalia. Na wanatazama nini? Televisheni. Ilibidi sinema ije ndipo tuone mwanamke mpweke mbele ya kioo hicho.

Kwa Clara, basi, filamu imeshinda. Kwa Marty nabaki na Steiger. Ernest Borgnine, aliyepata Oscar kwa nafasi hiyo, anapendeka mapema mno, hata lile busu la nguvu linapita kama utundu. Steiger anatia wasiwasi, na tukio lile linautaka wasiwasi huo.