Dirisha linalotazama bustani

Dalali akikupeleka kuona nyumba iliyo jirani na bustani ya umma, kwanza atafungua dirisha. Hahitaji maneno mengi. Miti inajinadi yenyewe, na thamani yake imeshahesabiwa kwenye bei.

Mbinu hii ya kuuza ardhi kwa mvuto wa bustani ni ya zamani. Huko Birkenhead, Uingereza, zilinunuliwa ekari 226. Ekari 125 zikawa bustani ya wananchi, iliyofunguliwa mwaka 1847, na viwanja vilivyoizunguka vikauzwa ili kufidia gharama. Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850, kisha akashiriki kubuni Central Park ya New York na kufuatilia thamani ya ardhi katika kata tatu zilizoizunguka. Kwa hesabu zake, kati ya 1856 na 1873 thamani ilitoka takriban dola milioni 26 ikapita milioni 200. Watetezi wa bustani huipenda sana tarakimu hiyo. Mimi huipokea kwa tahadhari: New York nzima ilikuwa inafura miaka hiyo, na ardhi ingepanda hata bila mti mmoja.

Watafiti wa leo hulinganisha nyumba zinazofanana kwa ukubwa na umri, zikitofautiana umbali kutoka bustanini tu. Mwaka 2001 John Crompton, baada ya kupitia tafiti nyingi, alipendekeza ongezeko la bei la asilimia 20 kama makadirio ya kuanzia kwa nyumba inayopakana na bustani tulivu. Neno "tulivu" lina uzito. Ukipakana na uwanja wa mpira utalala na taa machoni, firimbi masikioni, na Jumapili ukute gari la mgeni limeziba geti. Aliye mtaa wa pili anafika kwa dakika mbili na halisikii lolote. Mara nyingine ndiye anayefaidi zaidi. Na katika jiji la Baltimore, Marekani, ilionekana kwamba uporaji ukizidi sana, ukaribu wa bustani hushusha bei.

Mwenye nyumba hushangilia bei ikipanda, ingawa kodi ya majengo nayo huweza kumfuata. Mpangaji hana cha kushangilia. Central Park yenyewe ilianza kwa kuhamisha watu: wakazi wa Seneca Village, wengi wao Weusi, baadhi wakiwa na viwanja vyao, walikuwa wameondolewa kufikia 1857. Siku hizi si lazima mtu avunjiwe. Barua ya kodi mpya ya pango inatosha. Bei inathibitisha kwamba watu wanaipenda bustani, lakini haisemi ni nani atakayebaki kuitumia. Ndiyo maana ningetaka ukomo wa kodi ya pango ujadiliwe kwenye kikao kilekile kinachopitisha ramani ya bustani, kabla mche wa kwanza haujapandwa.