Saturn ilianza kufa mapema

Kila linapotajwa jina la Saturn, hukumu hutolewa upesi: General Motors (GM), kampuni ya magari ya Marekani, ilimwaga mabilioni ya dola kuanzisha chapa mpya ya magari madogo, fedha hazikurudi, na miezi michache kabla ya kufilisika Juni 2009 kampuni ikaamua kuachana nayo. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Tatizo ni kwamba wanaisoma habari hii kuanzia ukurasa wa mwisho.

Saturn ilitangazwa mwaka 1985, wakati Toyota na Honda zilipokuwa zikiwachukua wateja wa Detroit, makao ya kampuni kubwa za magari za Marekani, mmoja baada ya mwingine. GM ilijenga kiwanda Spring Hill, Tennessee, na kutia saini na chama cha wafanyakazi, UAW, mkataba usiofanana na mwingine wowote katika kampuni hiyo. Wafanyakazi walikaa meza moja na mameneja kuamua mambo ya kazi, na sehemu ya mshahara wao ilitegemea ubora na mafunzo. Tarehe 30 Julai 1990, gari la kwanza, jekundu, lilitoka kiwandani likiwa limebeba mwenyekiti wa GM, Roger Smith, na rais wa UAW, Owen Bieber. Siku mbili baadaye kiti cha Smith kilikuwa na mtu mwingine, Robert Stempel. Kwa maoni yangu, hapo ndipo matatizo yalipoanza: mradi ulizaliwa, na siku hizohizo mlezi wake akastaafu.

Gari lenyewe halikuwa la ajabu barabarani. Injini ilikuwa na kelele, na ndani mlikuwa mwa kawaida kabisa. Lakini milango na madigadi ya mbele vilikuwa vya plastiki. Kitoroli cha dukani kikigonga mlango, unabonyea kisha unarudi ulivyokuwa, na fundi wa kunyoosha bodi hana kazi. Bei ilikuwa moja kwa kila mtu, hakuna kuvutana. Hilo liliwezekana kwa sababu kila wakala alipewa eneo pana la peke yake, hivyo hakuwa na jirani wa kushindana naye kwa kushusha bei. Siku ya kuchukua gari, wauzaji walimzunguka mnunuzi, wakampigia makofi na kumpiga picha. Mwaka 1991 ilipogundulika kwamba magari zaidi ya 1,800 yametiwa maji mabovu ya rejeta, Saturn haikuhangaika na matengenezo: wenye magari hayo walipewa mengine mapya. Ndiyo maana mwaka 1994 watu zaidi ya 40,000 walifunga safari kwenda Spring Hill kutazama kiwanda kilikotoka gari lao. Mwaka huohuo yaliuzwa zaidi ya magari 286,000, na idadi hiyo haikufikiwa tena.

Kwa nini haikufikiwa tena? Tangu 1990 hadi 1999 Saturn haikupewa gari la pili. Miaka tisa! Gari la kwanza lilibadilishwa sura katikati ya muongo, lakini msingi wake ulibaki uleule, ilhali Honda ilitoa Civic mpya mara mbili ndani ya muda huo. Mchukue kijana aliyenunua Saturn mwaka 1991. Kufikia 1997 ana watoto wawili na anahitaji gari kubwa. Anakwenda kwa wakala anayempenda, anayemjua kwa jina, na wakala hana cha kumuuzia. Wakati huo RAV4 ya Toyota na CR-V ya Honda, magari ya juu ya familia, zilikuwa zimeshaingia Marekani. Saturn Vue, jibu la kampuni, ilifika mwishoni mwa 2001. Hata gari la pili lilipokuja, lilichotwa kutoka Opel, chapa ya GM ya Ulaya, na kuundwa Wilmington, Delaware, si Spring Hill. Uaminifu wa wateja ulikuwepo, na GM iliuacha ukauke.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Mwaka 1992 GM ilitangaza hasara ya dola bilioni 23.5. Katika hali hiyo, Chevrolet na Oldsmobile, chapa nyingine za GM zilizokuwa zikisubiri fedha za magari yao wenyewe, zilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa mwisho ale kwanza. Oldsmobile, chapa ya tangu 1897, ilifungwa mwaka 2004. Ndani ya UAW pia, Stephen Yokich, aliyemrithi Bieber, hakuupenda mkataba wa Spring Hill. Aliona unadhoofisha mikataba ya viwanda vingine. Hoja hizo nazikubali. Nisichokubali ni hitimisho kwamba wazo la Saturn lilikuwa baya. Kampuni isiyo na fedha za kulisha chapa nyingi ilipaswa kuchagua mapema. Badala yake ilizinyima zote kidogokidogo.

Ushahidi ni miaka ya mwisho. Fedha zilipokuja, Saturn Aura ilishinda tuzo ya gari bora la mwaka la Amerika Kaskazini kwa 2007. Lakini kufikia hapo mkataba wa pekee ulikuwa umeshakwisha, mwaka huohuo Spring Hill iliacha kuunda Saturn, na baadaye Saturn Astra ikaletwa kwa meli kutoka Antwerp, Ubelgiji.

Kilichosalia ni mawakala na wateja wao, na Roger Penske, mfanyabiashara wa magari wa Marekani, aliona thamani yake. Alikubali kuinunua chapa bila viwanda: GM ingemtengenezea magari kwa muda, kisha mtengenezaji mwingine angeshika zamu. Tarehe 30 Septemba 2009 Renault ya Ufaransa ilikataa kushika zamu hiyo, na Penske akajitoa siku ileile. Hata siku hiyo ya mwisho wauzaji walikuwepo, wanunuzi walikuwepo, na kilichokosekana ni kilekile kilichokosekana mwaka 1997: gari.