Tumbo linauma, kwa nini waya ziko kichwani?

Unabandikwa elektrodi chache kichwani kwa jeli, kisha unaketi mbele ya skrini. Ubongo ukitoa mawimbi yanayotakiwa, tuseme ya alfa, ya mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, picha inang'aa, yakipungua, inafifia. Baada ya nusu saa hivi unafutwa jeli, unapewa siku ya kurudi, na mara nyingi utarudi mara 20 au zaidi. Tumboni hakuguswi. Hiyo ndiyo nyurofidibaki, ambayo sasa inanadiwa pia kwa wenye IBS, ugonjwa wa utumbo usiotulia: tumbo kunyonga na kujaa gesi, leo kuhara, kesho choo kigumu, na vipimo havioni kitu.

Wazo lenyewe si la kubeza. Utumbo na ubongo havikomi kupashana habari, na nyuzi nyingi za neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, hupandisha ujumbe kutoka tumboni badala ya kuushusha. Gesi ambayo mwingine haisikii, mwenye IBS inamkunja. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell wa Manchester alionyesha, katika jaribio la wagonjwa 30 waliokuwa wameshindikana, kwamba waliopewa hipnosisi (kutulizwa kwa maneno hadi akili izame) walipata nafuu kuliko wenzao, na mwongozo wa tiba wa Uingereza wa 2008 ukaitaja kwa wale ambao dawa hazikuwasaidia kwa miezi 12. Kulifikia tumbo kwa kupitia kichwani, basi, kunawezekana.

Ninachotilia shaka ni mashine. IBS ni ugonjwa unaoitikia sana matumaini. Mwaka 2010 mtafiti Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa baadhi ya wagonjwa 80 vidonge visivyo na dawa, na wakawaambia wazi kwamba havina dawa. Asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya wasiopewa kitu. Ikiwa kidonge kitupu, tena kilichotangazwa kuwa kitupu, kinafanya hivyo, je, skrini inayong'aa na mtaalamu anayekusikiliza mara 20? Kwenye tatizo la usingizi, utafiti wa 2017 ulikuta nyurofidibaki halisi haikuizidi ya kuigiza. Kwa IBS, mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, juu ya biofidibaki kwa jumla (kujifunza kudhibiti mwili kwa kutazama ishara zake kwenye mashine) yalipata majaribio 8 tu, watu wazima 300, ushahidi hafifu.

Watetezi husema nafuu ni nafuu, itoke wapi itokako. Nakubali, kwa mwenye muda na fedha za kutosha. Ila kama kinachotibu ni kutulia na kusikilizwa, sioni sababu ya kulipia mawimbi ya alfa wakati hipnosisi na tiba ya mazungumzo zimepimwa zaidi. Na anayetoa damu chooni au kupungua uzito bila sababu aanzie kwa daktari.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowafaa wauzaji. Biofidibaki ya misuli ya njia ya haja kubwa, kwa watu ambao misuli hiyo hujikaza pale inapotakiwa kulegea, ina ushahidi mzuri. Ukiambiwa "imethibitishwa kwa matatizo ya choo", uliza kihisio kiliwekwa wapi.