Kakuleta ya jua imeniponza Chikongola

Jamani leo nimelipishwa elfu nane kwa kusema ukweli. Mtu mzima mimi, mtu wa teknolojia, ninayeheshimika Magomeni nzima hapa Mtwara kwa kuflashi simu (moja tu ndo iligoma kuwaka, na mwenyewe alikuwa keshaitumbukiza kwenye uji).

Umeme umekatika toka saa mbili asubuhi, hilo silisemei, gesi ya kuzalisha umeme tunayo wenyewe hapo Mnazi Bay. Laptop yangu betri ni pambo, ukichomoa waya hata bismillahi huimalizi. Nikaona niende zangu sokoni Chikongola nikanunue sukari.

Sasa yule mama mwenye duka ana kakuleta, ile mikubwa inayolia tii tii kila ukibonyeza, basi kabla hajapiga hesabu anaitoa nje ya kaunta, anaielekeza mlangoni, anasema subiri kidogo ipate jua. Mimi nikacheka. Kosa la kwanza.

"Shangazi, hii haitumii jua."

"Haitumii jua? Na hiki kidirisha cha hapa juu cha nini, cha kupungia hewa?"

Nikaziba kidirisha kwa dole gumba, namba ziko vilevile. Nikaiingiza chini ya kaunta kwenye giza totoro, inalia tii tii kama kawaida. Watu wakaanza kujaa, bodaboda mmoja akasema mjomba fungua tuone, na mimi sifa zikanipanda, nikaomba kisu cha kukatia sabuni. Nikafungua. Betri moja ndogo hiyo hapo, na kidirisha hakina hata waya, plastiki tupu imepakwa weusi! Nikaiinua juu kama mkunga kazalisha mapacha, nikapigiwa makofi. Nikafunga. Haiwaki.

Ile springi ya kushikia betri ilikuwa imerukia kwenye gunia la mchele.

Tukainama watu sita tunachambua mchele. Nikaona nisipoongea nitaonekana mwizi, nikaanza kuwaelewesha kwamba kakuleta za jua za kweli zipo toka miaka ya 1970, na zinaweza kwa sababu zinakula kidogo mno, hata taa ya chumbani inazitosha. Nikawaambia hata kompyuta zina undugu na kakuleta, ile chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, bibi wa chipu za kompyuta za leo, ilianza kama oda ya Busicom, kampuni ya Japani iliyotaka kutengeneza kikokotoo. Aisee niliposema kikokotoo, mwalimu mstaafu aliyekuwa ananunua kiberiti akadhani nasema kile cha pensheni, akaacha chenji akaondoka.

Bodaboda naye: kama ni hivo mbona bajaji hazitumii jua, na jua la Mtwara hili linababua mpaka utosi? Swali zuri, ila la kujibu na kakuleta, na kakuleta ndo hiyo. Nikachukua gazeti la kufungia, nikapiga kwa peni. Jua la saa sita mchana likikupiga wima linakupa kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba. Paneli nzuri inashika kama asilimia 20, inabaki 200. Paa la bajaji tuseme mita mbili za mraba, wati 400. Na farasi mmoja wa injini ni wati 746. Kwahiyo una nusu farasi.

"Nusu ipi, ya mbele au ya nyuma?"

Nikajifanya sijasikia. Nikawauliza, nusu farasi huyo ndo apande mlima wa Newala na abiria watatu na gunia la korosho? Gari za jua zipo, mwaka 1987 walishindana nazo Australia toka Darwin mpaka Adelaide, kilomita kama 3,000, ikashinda Sunraycer ya General Motors, ila mngeiona, bapa kama mende, anakaa dereva peke yake. Mama mkwe utamweka wapi? Watu wakacheka, nikajua heshima imerudi.

Yule mama hakucheka. Akafuta unga wa mchele mikononi akaniambia taratibu: "Mwanangu, asubuhi ilikuwa inatumia jua na inawaka. Saa hizi inatumia betri na haiwaki. Mi naona jua ndo bora."

Elfu nane. Ya sukari ilikuwa humohumo.

Nimerudi mikono mitupu, mke wangu hajasema neno, kaniwekea tu chai kavu mezani kaondoka, nikainywa hivohivo na ming'oko iliyolala. Simu asilimia nne, nimeipeleka kwa kinyozi mwenye sola, mia tano kuchaji, nimemuuliza paneli yako wati ngapi ananijibu inatosha. Inatosha ndo wati ngapi bana? Nusu saa imetoka asilimia nne imefika sita, namuuliza tatizo nini, kaangalia juu, kaniambia kile kiwingu pale juu ya Shangani kikishapita itapanda, na ela yangu alishaipokea mwanzo kabisa na kiwingu kwenyewe hakitembei, na hapa nilipokaa naona kabisa nyuma ya paneli yake waya mmoja umechomoka ila safari hii mimi